Saa za Mapumziko Mlimani Marsabit

Kila niendapo likizo nyumbani Taita, ndugu na rafiki huniuliza swali lile lile: "Watu wa huko Marsabit hufanya nini kazi zikiisha?" Wengi wao hudhani kwamba kaskazini yote ya Kenya ni mchanga na jua, na kwamba mtu aliyehamishiwa huko hana la kufanya jioni ila kuhesabu siku mpaka apate uhamisho mwingine. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini Marsabit, nami nilifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Kwa kuwa nimekaa na watu hao, nimekula chakula chao na kucheza michezo yao, nimeona yafaa niwaeleze wasomaji jinsi wanavyozitumia saa zao za mapumziko. Nitaeleza pia kwa nini jambo hilo, ambalo kwingine huhesabiwa kuwa dogo, huko ni jambo zito.

MLIMA ULIO KAMA KISIWA

Kwanza yafaa msomaji apajue mahali penyewe. Marsabit ni mlima uliotokana na volkano iliyozimika zamani sana, na kimo chake ni mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Umezungukwa na nchi kavu pande zote: kusini kuna jangwa la Kaisut, kaskazini-magharibi jangwa la Chalbi, na kaskazini uwanda wa mawe meusi uitwao Dida Galgalu. Katikati ya ukame huo mlima umesimama na msitu wake wa kijani kama kisiwa baharini. Usiku ukungu hushuka juu ya miti, na maji hudondoka kutoka matawini hata siku ambazo mvua haikunyesha. Maji hayo husaidia kulisha chemchemi za mlima, kama zile za Bakuli ambazo mji huzitegemea. Ndani ya msitu mna mashimo makubwa ya volkano, ambayo wenyeji huyaita gof, na katika moja la hayo, Gof Sokorte Guda, mna ziwa ambalo wageni waliliita Paradise.

Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni kama kilomita 550. Zamani safari ya kutoka Isiolo ilikuwa ya mavumbi na mawe, na lori likiharibika abiria walilala njiani. Tena tangu mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilizifunga wilaya za mpaka wa kaskazini, hata mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Kwa sababu hiyo wazee wa Marsabit walizoea kumwuliza msafiri anayeelekea kusini, "Je, unakwenda Kenya?" kana kwamba wao wenyewe wako nchi nyingine. Siku hizi barabara ya lami imefika mpaka Moyale, na mtu akiondoka Isiolo asubuhi huweza kula chakula cha mchana Marsabit. Hata hivyo bado wako wazee wanaouliza swali lile, ijapokuwa sasa huliuliza kwa kucheka.

Watu wa mlima huo ni wa makabila mengi. Wako Waborana, Wagabra, Warendille, Waburji, Wasamburu, Waturkana, Wasomali, Wakonso na wengineo, na pamoja nao wako watu wa bara kama mimi waliokuja kwa kazi au biashara. Wengine ni wafugaji wa ngamia, wengine wa ng'ombe, na wengine, hasa Waburji, ni wakulima hodari. Katika mji mdogo kama huo mtu hawezi kununua chumvi bila kukutana na lugha tatu.

KIVULI CHA DRAFTI

Asubuhi ya Marsabit huwa na baridi. Ukungu huwa mzito hata magari huwasha taa saa mbili za mchana, na mtu mwenye busara hatoki bila koti. Saa nne au saa tano jua hupasua ukungu, na ndipo mji huchangamka. Malori huwasili, akina mama hupanga vyombo vya maziwa ya ngamia sokoni, na miraa kutoka Meru hungojewa na wanaoitumia kwa hamu ambayo ningependa kuiona katika mambo yenye faida zaidi.

Baada ya saa kumi, ofisi zikifungwa, watu wazima hutafuta kivuli. Karibu na soko pana mti mmoja ambapo drafti huchezwa kila siku. Ubao wake ni kipande cha sanduku kilichopigwa mistari, na kete zake ni vifuniko vya chupa za soda. Upande mmoja huvichezea vifuniko vikiwa wima, na upande wa pili vikiwa vimepinduliwa. Sheria ni moja tu: anayefungwa anaondoka, naye aliyekuwa akingoja anakaa. Hapaulizwi mtu ni wa kabila gani, wala ana cheo gani. Nimemwona mkubwa wa ofisi akifungwa na mchukuzi wa mizigo, akasimama kwa adabu na kumpisha mwuza viatu.

Bingwa wa mahali hapo ni mzee mmoja Mburji, mkulima wa mahindi na maharagwe. Kwa miaka yote hiyo nimemfunga mara chache ambazo naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hucheza polepole, na akikaribia kukumeza kete tatu kwa pigo moja, huanza kukuuliza habari za watoto wako. Siku moja alinialika kwake, nami nikala kurkufa, yaani vibonge vya unga wa mahindi vilivyopikwa pamoja na mboga za majani. Mwenzangu katika mwaliko huo alikuwa dereva wa lori, Mgabra, ambaye pia alikuwa amefungwa mchana ule. Mzee alituambia, "Karani, na wewe dereva, mkishiba mtacheza vizuri zaidi."

Watu wa bao nao wana mahali pao. Katika vijiji vya pembeni vishimo huchimbwa ardhini, na kete huwa ni kokoto au mbegu. Wazee huweza kucheza tangu saa nane mpaka mifugo irudi, na watazamaji hubishana kuliko wachezaji wenyewe.

KAZI YA AKINA MAMA NI MAZUNGUMZO PIA

Mtu akiwatazama wanawake wa Kiborana au wa Kigabra mchana, atadhani hawana mapumziko. Hata wakiketi, mikono yao haikai. Hapo ndipo husuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mimea, kama kile wanachokiita gorfa. Chombo hicho husukwa kwa mkono, uzi juu ya uzi, kwa majuma mengi, mpaka kikawa kigumu cha kuweza kushika maziwa bila kuvuja. Kisha hufukizwa kwa moshi wa miti maalum ili maziwa yapate harufu nzuri na yasiharibike upesi.

Lakini kazi hiyo hufanywa kwa kukutana. Wanawake wanne au watano hukaa kivulini, na huko habari za ndoa, za wagonjwa na za bei ya sukari hupokewa na kupimwa. Mke wangu, aliyekuja Marsabit bila kujua neno la Kiborana, alijifunza lugha katika vikao hivyo kabla yangu, na leo yeye ndiye hunitafsiria mimi.

Chakula na kinywaji cha heshima ni buni. Waborana huzichukua buni pamoja na maganda yake, wakazikaanga katika samli mpaka zikapasuka, kisha wakazitia katika maziwa. Kwanza mzee huomba dua ya amani, na wote waliokaa humjibu, "Nagaa." Neno hilo maana yake ni amani, nalo ndilo salamu yao ya kila siku. Huulizana amani ya mtu mwenyewe, amani ya nyumba, amani ya watoto, amani ya mifugo, na mtu mwenye haraka hupata taabu kuimaliza salamu hiyo. Mgeni huweza kuona kwamba ni maneno mengi mno. Mimi mwenyewe nilikuja kufahamu kwamba watu huulizia sana kitu wanachojua kuwa chaweza kupotea.

WIMBO WA KISIMANI

Mwenzangu mmoja wa ofisini alinipeleka siku ya Jumapili kuona visima vya Ulanula, ambavyo wageni huviita visima vinavyoimba. Katika visima virefu vya namna hiyo, vijana husimama ndani ya shimo mmoja juu ya mwingine, tangu majini mpaka juu. Wa chini hujaza ndoo na kuirusha kwa aliye juu yake, na hivyo hivyo mpaka maji yanamwagwa katika hori la mifugo, huku ndoo tupu ikishuka kwa njia ile ile. Ili mikono isikosane huimba wote kwa pamoja, na mifugo iliyo mbali ikisikia sauti hiyo hujua kwamba zamu yake imekaribia. Zamani ndoo zilikuwa za ngozi, na siku hizi nyingi ni za plastiki.

Je, hiyo ni kazi au ni starehe? Nilimwuliza kijana mmoja aliyetoka kisimani akitiririka maji na jasho. Alicheka akasema kwamba kazi ni kuwatafuta ng'ombe waliopotea, lakini kisimani mtu huenda na rafiki zake.

Nilipendezwa zaidi na utaratibu kuliko wimbo. Kwa desturi ya Waborana, kila kisima kina ukoo wa yule aliyekichimba, ambaye huitwa aba konfi, na kina msimamizi wa zamu, ambaye huitwa aba herega. Huyo wa pili huamua mifugo ya nani inywe leo na ya nani ingoje kesho. Asiyeshiriki katika kazi ya kisima hapati zamu kwa urahisi, lakini mpita njia mwenye kiu hanyimwi maji. Mimi ambaye kazi yangu ni kupanga majalada kwa namba, niliona kwamba mzee huyo ana masijala yake kichwani, wala halipotei hata jalada moja.

JIONI NA HADITHI

Usiku watu wa Marsabit hawatembei ovyo, kwa sababu tembo na nyati hutoka msituni. Hivyo jioni ni wakati wa kukaa. Vijana hukusanyika katika vibanda kutazama mpira wa Uingereza kwa televisheni, wakipiga makelele hata unaweza kuyahesabu mabao ukiwa nyumbani kwako. Wazee hupendelea redio na hadithi.

Hadithi ambayo haichoshi ni ile ya tembo Ahmed, aliyeishi katika msitu huo na kuwa na pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, na walinzi wakawekwa ili majangili wasimdhuru. Alikufa mwaka 1974, na sanamu yake yenye ukubwa wake kamili imesimama katika makumbusho ya taifa Nairobi. Kila mzee wa Marsabit wa rika hilo alimwona Ahmed, au angalau husema hivyo.

Si hadithi zote ni za kufurahisha. Huzungumzwa pia habari za Turbi, kwenye njia ya kwenda Moyale, ambapo tarehe 12 Julai 2005 washambulizi waliwaua watu zaidi ya 50, wakiwamo watoto wa shule zaidi ya 20. Huzungumzwa habari za tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi ilipoanguka mlimani siku ya ukungu na kuwaua watu 14. Miongoni mwao walikuwamo Wabunge watano, akiwamo Dkt. Bonaya Godana, nao walikuwa wakija kwa mkutano wa kuwapatanisha watu baada ya damu ile ya Turbi. Mzee mmoja akifika hapo katika hadithi yake hunyamaza, na hakuna anayemharakisha.

MPIRA WA JUMAMOSI

Sasa nafikia jambo lililonifanya nishike kalamu. Kila Jumamosi saa tisa, vijana wa mitaa ya mjini hucheza mpira katika uwanja mmoja wa mavumbi. Mimi ni karani wa mchezo huo, yaani naandika majina na kutunza filimbi na mipira miwili. Hapo mwanzo kila mtaa ulikuwa na timu yake. Lakini katika mji wetu watu wa kabila moja mara nyingi hukaa mtaa mmoja, kwa hiyo kila mechi iligeuka kuwa mechi ya kabila na kabila, na kila kosa la refa likawa ni tusi kwa ukoo mzima. Wazee na waalimu walikaa wakaamua kwamba timu zitapangwa kwa kura. Tangu siku hiyo kila kijana huchukua karatasi iliyokunjwa kutoka katika kofia yangu. Aliyepata namba moja huvaa fulana, na aliyepata namba mbili hucheza kifua wazi. Ndugu wawili wa tumbo moja huweza kujikuta wanapingana, na watu wasiokuwa wakisalimiana wakapeana pasi.

Mapema mwaka 2022, wakati wa ule ukame mkali ulioua mifugo mingi, wizi wa mifugo na mauaji ya kulipizana kisasi vilizidi mlimani. Mchezo wa Jumamosi ulikufa kabla serikali haijatoa amri yo yote. Juma la kwanza walikuja vijana 15, juma la pili tisa, na juma la tatu hakuna aliyekuja. Chini ya mti wa drafti mambo yalikuwa yale yale. Mzee wangu Mburji alivikusanya vifuniko vyake vyote, akavitia katika kopo la majani ya chai, akaenda nalo nyumbani. Tarehe 2 Mei 2022 serikali ilitangaza kafyu ya siku 30, watu wasitoke nje kuanzia magharibi hadi alfajiri, ili silaha zisakwe. Vibanda vya televisheni vikafungwa. Jioni nilikaa na mke wangu na watoto tukisikia mbwa tu.

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo halimo katika jalada lo lote la ofisi yangu. Kabla watu hawajaanza kupigana, huacha kwanza kucheza pamoja. Kijana aliyekuwa akipewa pasi Jumamosi huacha kuja, na hakuna anayekwenda kumwuliza sababu. Sisi watu wazima tuliona uwanja ukipungua, tukasema ni ukame, au ni mitihani.

Hali ilipotulia kidogo, tulitangaza mchezo tena. Walikuja vijana saba, wote wa upande mmoja. Wakataka kuanza. Mwalimu mmoja mzee akaushika mpira kwapani akasema, "Hauchezwi mpaka na wale wengine waje." Basi tukakaa pale mpaka jua lilipokaribia kutua, hatukucheza, tukarudi nyumbani. Vijana walikasirika sana.

Juma lililofuata walikuja wanne wa upande wa pili, nao hawakuja peke yao. Mama mmoja alifuatana nao, akaketi pembeni mwa uwanja na gorfa yake ambayo haijakwisha, akawa anasuka. Hakumsalimia mtu kwa muda mrefu. Nilipitisha kofia, vijana wakachukua karatasi, na mwanawe akaangukia timu ya vijana watano ambao siku nyingi walikuwa hawapiti katika mtaa wake. Walicheza vibaya, maana kila mmoja alikuwa akiogopa kumgonga mwenzake. Karibu na mwisho mtoto yule aliangushwa. Mama aliinuka. Aliyemwangusha alimpa mkono, akamwinua, na mchezo ukaendelea. Mama naye akaketi tena, na baadaye kidogo akaniuliza kwa Kiswahili kama nina maji ya kunywa kwa ajili ya watoto. Alisema "watoto", si "mtoto wangu."

Jumatatu yake nilipita chini ya mti baada ya kazi. Kopo la majani ya chai lilikuwapo, na mzee alikuwa akipanga vifuniko.

SHAURI LANGU

Sisemi kwamba mpira na drafti vyaweza kuwarudisha ng'ombe walioibwa au kuwafufua waliokufa. Hayo yana mahali pake, mbele ya wazee na mbele ya sheria. Lakini nimeona kwamba watu waliowahi kufungana kwa vifuniko vya soda huwa na mahali pa kuanzia wanapotaka kusema tena. Wasiowahi kucheza pamoja hawana hata pa kuanzia.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji, hasa wale mnaokaa katika miji midogo yenye watu wa makabila mengi. Mkiona uwanja wa watoto unataka kugawanywa viwanja vya kujenga maduka, ulizeni kwanza watoto hao watacheza wapi, na pamoja na nani. Mkiona kijana mmoja ameacha kuja, mwendeeni kwao siku hiyo hiyo, msingoje juma la pili. Wazazi nao, badala ya kuwakataza watoto kwenda uwanjani siku za wasiwasi, afadhali waende nao wakaketi pembeni, kama alivyofanya mama yule.

Nanyi ndugu zangu wa Taita, sasa mmekwisha jua watu wa Marsabit hufanya nini kazi zikiisha. Atakayepata nafasi na aje ajionee mwenyewe. Alete koti zito, na kama anajifahamu kuwa bingwa wa drafti, aje tayari kufungwa.